Folda niliyokuwa natengeneza kila Jumatatu

Jumatano, Dzaleka. Baridi ya mwezi wa saba imeingia na upepo wake, vumbi iko mpaka mu sukari.

Leo asubuhi nilizunguka nyuma ya nyumba za bantu ili nisipite mbele ya kanisa. Mi, baba ya batoto batatu, nilimkimbia mama wa mandazi juu niliogopa ataniita Ingé kama kila siku. Ingé njo injenieri kwa kifupi, vile tunasema kwetu Bukavu. Hapa mu kambi ya wakimbizi, Malawi, ukiweza kufufua simu iliyoanguka mu maji, umeisha kuwa Ingé, diploma itakuja nyuma. Nililipenda sana hilo jina. Naanza na hilo juu mambo yote ninayoandika leo yanatoka pale.

Nina haya. Si ile haya ya kujikwaa mbele ya bantu, ile inaisha ukipangusa suruali. Hii nimeamka nayo siku tano, nimekula nayo, na jana mke wangu aliniuliza kama malaria imerudi.

Kama kuna mutu alisoma hapa mwezi wa pili, atakumbuka nilijisifu juu ya maktaba yetu. Ni kompyuta moja ya zamani, inatumia Linux, iko mu chumba kidogo pembeni ya kanisa. Ndani kuna vitabu, masomo ya hesabu, Kiingereza, video za ushonaji. Bantu banajiunga na simu zao bila kununua bando, banasoma. Niliiweka peke yangu kwa wiki mbili na ilifanya kazi. Ile niliandika ilikuwa kweli.

Ile niliyonyamazia njo naandika leo.

Nitaeleza polepole, na kama we si mutu wa mashine usiogope. Programu ya maktaba inaongea na programu inayopokea simu za bantu kupitia kafaili kadogo kanaitwa soketi. Fikiria kidirisha cha kupitishia sahani kati ya jikoni na sebule. Soketi yetu inakaa mu folda inaitwa /run/maktaba. Sasa, /run haiko ku diski. Iko mu kumbukumbu ile inayopotea mashine ikizimwa. Ukizima, vyote vilivyo ndani ya /run vinakwenda. Ukiwasha, Linux inaanza na /run tupu, na kila huduma, njo programu kama hii ya maktaba, inapaswa kuagiza folda yake itengenezwe upya, mu faili yake ya kuanzia.

Mi sikuagiza. Siku ile ya kuweka maktaba nilitengeneza folda kwa mkono, nikaipa ruhusa zake, soketi ikatokea, ukurasa ukafunguka, bantu bakashangilia. Nikafunga begi. Sikuizima mashine hata mara moja ili nione kama itaamka yenyewe.

Na mashine yetu inazimwa kila juma, juu betri si ya maktaba. Betri ni ya kwaya. Jumamosi jioni inafunguliwa, inabebwa kanisani kwa ajili ya kinanda na spika, na Jumatatu asubuhi inarudishwa. Hapo mi nimeisha kwenda Lilongwe, juu nafanya kazi kule mu ofisi moja ya kompyuta, nalala mtaa wa Mchesi mu chumba tunachopanga batatu, karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini iko mu mfuko siku zote. Mutu wa kuzima na kuwasha alikuwa dada Riziki.

Riziki ni mshonaji. Alitoka Fizi na batoto babili na cherehani haikuwepo, hii aliyonayo aliipata hapa hapa. Anashonea mu kibanda kinachogusana na kile chumba, njo maana komite ya kanisa ilimpa ufunguo. Kompyuta alijifunza mu ile maktaba yenyewe. Alimaliza masomo yote ya mashine yaliyokuwa ndani, moja kwa moja, na alikuwa anaandika mu daftari lile lile la vipimo vya nguo za bantu. Ukurasa mmoja kiuno na mabega, ukurasa unaofuata amri za Linux.

Jumatatu ya kwanza alinipigia simu akasema ukurasa haufunguki, unaonyesha tu namba ya kosa, 502. Niliingia mu mashine kwa simu yangu, kupitia modemu ndogo niliyoiachia, nikiwa nimekaa ku kitanda, nikaona folda haipo, nikaitengeneza tena kwa mkono, nikaanzisha huduma. Dakika mbili. Nikasikia upande ule makofi.

Jumatatu ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Ya nne nilifungua orodha ya matukio ya mashine, nikasoma vizuri, nikaelewa kosa langu. Nilijicheka kabisa. Dawa ilikuwa mstari mmoja mu faili ya huduma: RuntimeDirectory=maktaba. Mstari mmoja, na Linux itaitengeneza ile folda kila mara mashine inapoamka, na kuikabidhi kwa huduma yake.

Sikuuandika.

Najaribu kusema kweli hapa, na kweli yenyewe ni ya ovyo. Siku ile nilijiambia nitaandika nikirudi kambini, ku simu herufi ni ndogo. Nikarudi kambini, nikajiambia Jumatatu. Halafu siku moja nilijikuta asubuhi ya Jumatatu nimeoga, nimekaa, naangalia simu, nangoja ilie. Ikachelewa kidogo na nikasikia wivu, kama mutu amenichukulia kitu. Hapo nilijua: sitauandika ule mstari.

Mutu wa Lilongwe hanijui. Ofisini natambaa chini ya meza kuvuta nyaya, na kuna bengine bananiita iwe, njo "we" kwa Kichewa, bila jina. Siku moja tulienda mtaa wa Chinsapo kufunga mashine mu duka, mwenye duka akaleta viti viwili na tulikuwa batatu, mi njo nilisimama. Sisemi hayo ili munionee huruma. Nasema juu Jumatatu saa mbili na nusu kulikuwa na chumba kizima cha bantu banangoja sauti yangu, na sikuwa tayari kukipoteza hicho chumba.

Mwezi wa tatu mama mmoja wa kwaya alisema shetani hapendi batoto basome, njo maana anashambulia mashine kila baada ya ibada. Bakaleta mafuta. Simu baliiweka juu ya kompyuta, sauti yote imefunguliwa, bakaanza kuomba. Mi kule Mchesi nasikia maombi ku sikio moja na vidole vinaandika mkdir, amri ya kutengeneza folda. Ukurasa ulifunguka katikati ya maombi. Alleluya ilipigwa pale, ilinibidi kusogeza simu.

Na mi nikasema Amina.

Riziki alikuwa amefunga siku mbili juu ya ile mashine. Hakula. Aliomba Mungu amsamehe kama ni mikono yake inaiharibu. Hilo nililijua Ijumaa iliyopita tu, na tangu pale usingizi wangu umeharibika.

Mwezi wa tano prezida wa komite, mzee wa heshima sana, alinipigia mwenyewe. Akauliza kwa upole: Ingé, mbona Jumamosi mashine ni nzima na Jumatatu ni mgonjwa? Nilikuwa na nafasi. Hakuna mutu alinishika shingo. Nilimjibu: "Inategemea vile banaizima, papa prezida."

Jina la mutu sikulitaja. Haikuwa na haja, juu anayeizima ni mmoja.

Juma lililofuata Riziki aliombwa arudishe ufunguo. Alipewa mpwa wa shemasi, kijana mzuri, hana kosa mu habari hii. Jumatatu mashine ikaamka mgonjwa vile vile, na bakasema ni yule mama aliisha kuiharibu, itachukua muda. Mi nikatengeneza folda.

Kisha ikaja nafasi ya masomo. Ofisi ile ninayofanyia kazi Lilongwe ilitangaza mafunzo ya miezi sita, mitandao na mashine, na inachukua mutu mmoja kutoka kambini kwa barua ya komite. Ukimaliza, banakutafutia kazi na karatasi ya ruhusa. Kambini mutu anaweza kukaa miaka kumi bila kuona mlango kama huo. Bote tulijua ni wa Riziki. Hata cherehani aliisha kuahidi kuachia dada yake. Komite ikaketi, ikaandika jina la mpwa wa shemasi, juu hatuwezi kutuma mutu anayeharibu mashine, tutaonekana namna gani kwa Bamalawi? Nilisomewa hayo ku simu. Nikasema sawa, papa prezida, Mungu abariki.

Niliandika hiyo sentensi na nimesimama kidogo kuiangalia. Mungu abariki.

Ijumaa nilirudi na suruali mpya ya kazi, ndefu. Mshonaji wa karibu ni yeye. Nikaenda. Ndiyo, nilikuwa na uso wa kwenda. Alinipokea vizuri, akaninyoosha mbele ya kioo, akapiga goti na pini mu mdomo, akaanza kukunja mguu wa kushoto. Halafu akatoa pini na kuniuliza kama mwanafunzi: "Ingé, hii /run njo nini?"

Nikafurahi! Nikaanza kufundisha. Nikamueleza kama ni folda inayoishi mu kumbukumbu, kama ukizima mashine inabaki tupu, kama kila huduma inapaswa kuagiza ya kwake. Nilieleza vizuri, nilitumia na mikono. Yeye anakunja, anapiga pini, anasema eeh, eeh.

"Kwa hiyo hata malaika azime ile mashine, itaamka bila folda."

Nikasema ndiyo, hata malaika.

Akahamia mguu wa kulia. Akasema bila kuinua kichwa: "Sasa mikono yangu ilikosa nini?"

Nilisimama pale na pini mu suruali, hata kukimbia sikuweza. Akavuta daftari, akanionyesha ukurasa. Kabla ya kunyang'anywa ufunguo alikuwa amefungua orodha ya amri zilizopigwa mu mashine, akanakili. Jumatatu, mkdir. Jumatatu, mkdir. Jumatatu, mkdir. Ukurasa mzima, na chini yake kiuno cha mama fulani, sabini na nane. Alitafuta mu masomo, akasoma, akaelewa. Nikamuuliza tangu lini. Alisema tangu mwezi wa tano, na alikuwa anangoja niseme mwenyewe, juu akisema yeye, nani atamsadiki mbele ya Ingé?

Suruali alinipa Jumamosi. Imekaa vizuri sana. Siwezi kuivaa.

Jumapili nilisimama. Kanisani kwetu kuna wakati wa ushuhuda, baada ya matangazo, mutu anakuja mbele na kusema yaliyo moyoni. Nilikwenda. Nilisema yote. Nilisema kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, kama nilijua na nikaacha, kama dada Riziki hakuharibu kitu. Nilipomaliza, papa prezida akasema Ingé ametufundisha unyenyekevu.

Bakapiga makofi.

Bakapiga makofi, ndugu zangu. Mama wa kwaya akaanzisha wimbo. Bantu balikuja kunishika mkono, mmoja akalia. Kwetu ukiungama mbele ya kanisa, kosa linageuka ushuhuda papo hapo, na ushuhuda haujibiwi na maswali. Nikamuuliza prezida pembeni kuhusu lile jina. Akasema barua imeisha kupigwa muhuri, tukibadilisha tutaiaibisha komite, na mpwa wa shemasi naye ana haki ya kusoma. Akanipiga ku bega. Nilitoka pale nimesifiwa kuliko nilivyoingia.

Nilimtafuta Riziki kwa macho. Alikuwa benchi ya nyuma, anamfunga mtoto kamba za kiatu. Hakupiga makofi na hakuimba. Hakuna mutu hata mmoja aliyekwenda kumshika mkono.

Jumatatu sikwenda Lilongwe. Nilimuomba bosi siku tatu kwa shida ya nyumbani. Asubuhi nilimuita Riziki mu chumba cha maktaba, nikampa kiti na kibodi, nikasema andika we. Aliandika ule mstari mwenyewe, bila kunakili. Akazima. Akawasha. Ukurasa ukafunguka. Akazima tena, kama anaipima nguo kwa mara ya pili, akawasha, ukafunguka. Nilitaka kusema kitu kizuri lakini aliisha kusimama.

Akasema hataki niende tena mbele ya kanisa. Hataki nimlilie. Anataka barua moja kwa ile ofisi ya Lilongwe, yenye mambo yote yalivyokuwa, na jina langu, na sahihi yangu. Majina yanafungwa Ijumaa. Ataipeleka kwa mkono.

Munaelewa nini aliomba. Mwenye ofisi ni bosi wangu. Ni mutu mpole, ananiamini na maneno ya siri ya mashine za wateja wake. Ile barua ataisoma yeye.

Niliandika Jumatatu jioni. Ukurasa mmoja na nusu, na nilijivunia kidogo, nikuambie ukweli. Nilieleza /run, nilieleza soketi, nilieleza utaratibu wa Linux kuamka, ruhusa za folda, mpaka betri ya kwaya. Riziki aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia. Alisema mu barua hii mashine njo imekosa.

Jana asubuhi nilileta ya pili. Humo niliandika kama kulikuwa kutoelewana kati ya fundi na komite, na kama namsifu Riziki kwa bidii na akili. Aliisoma amesimama mlangoni, cherehani nyuma yake. Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Kaka, bado hujaandika ile unajua."

Alisema kaka. Ingé limeisha.

Nilikaa ku benchi lake la wateja na kuandika ya tatu pale pale, ku karatasi ya daftari, kati ya vitambaa. Mistari sita. Nilijua tangu mwezi wa pili. Dawa ilikuwa mstari mmoja na sikuuandika, juu nilipenda kupigiwa simu. Nilipoulizwa, nilijibu kwa namna ya kumtupia kosa mutu mwingine, na nilijua ni nani. Huyo mutu aligundua kosa langu peke yake, bila mwalimu, na Jumatatu amelitengeneza kwa mkono wake. Jina. Sahihi. Namba ya simu.

Mkono ulikuwa na jasho, karatasi ikalowa pembeni. Akaikausha kwa pasi yake ya makaa, polepole, juu ya kitambaa. Akaikunja na kuitia mu daftari la vipimo.

Leo alfajiri ameondoka kwa kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka barabarani, amevaa koti alilojishonea. Ruhusa yake ni ya siku moja. Batoto bako kwa dada yake. Saa hizi ninapoandika ni saa tisa, na hajarudi. Pengine bosi hayupo. Pengine yupo na ameisoma, na barua ya komite iko pembeni yake, yenye muhuri, na atauliza kwa nini asadiki karatasi ya daftari.

Nimejiuliza tangu asubuhi nini natamani itokee, na nimejishangaa. Sehemu moja yangu inatamani bosi acheke, aseme hapana, huyu fundi wangu si mutu wa namna hiyo, labda mama ameiandika mwenyewe. Nimeiona hiyo sehemu. Iko, haijafa, na najua inaweza kuniamsha kesho na maneno mengine mazuri.

Kwa hiyo naandika hapa, hadharani, kabla ya jibu kufika. Ile barua ni yangu, neno kwa neno. Kama bosi atampokea Riziki, itakuwa juu ameamini mi ni mwongo. Nimeomba mambo mengi kwa Mungu mu maisha yangu ya ukimbizi, karatasi, unga, afya ya batoto. Leo ninaomba moja tu.

Bosi aniamini.